Insha Moja, Shule Nne: Kumchagulia Mtoto Mtaala Jijini Nairobi

Kila Desemba, na tena kila Agosti, napigiwa simu kwa swali lilelile: "Mwalimu, ungekuwa ni wewe, ungempeleka wapi?" Wanaouliza ni wazazi wa watoto ninaowafundisha Kiswahili majumbani mwao. Jumamosi asubuhi huwa niko Umoja, mchana Lavington, na jioni Kilimani au Runda, ikitegemea wiki. Nikishuka matatu ya mwisho huwa nimeshasahihisha madaftari ya mitaala minne kwa kalamu moja.

Wazazi wengi huulizia karo, basi la shule, na kama cheti kitakubaliwa chuo kikuu. Ni maswali ya haki na nitayafikia. Lakini lipo lingine ambalo nadra nilisikie, nami naona lina uzito kuliko hayo: shule hii itamfundisha mwanangu kujenga hoja kwa namna gani, na kuiandika kwa namna gani? Kila mtaala una umbo lake la hoja. Mtoto akikaa ndani ya umbo moja miaka kumi, hulichukua kuwa ndiyo maana ya kuandika vizuri, na umbo la wenzake akaliona kosa.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wanne wa miaka 16 na 17 swali moja, waandike kwa Kiswahili: "Je, wanafunzi waruhusiwe kubeba simu shuleni?" Yaliyotoka ndiyo ulinganisho wangu.

Kijana wa Umoja, kidato cha tatu katika shule ya umma ya kutwa, alijaza kurasa mbili bila kuinua kichwa. Alianza hivi: "Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akili ni mali. Katika karne hii ya utandawazi, rununu imekuwa kama pumzi kwa binadamu." Kisha zikaja hoja, kila moja na aya yake: kwanza, pili, aidha, fauka ya hayo, isitoshe, mbali na hayo. Nilihesabu nane, tano za kuunga mkono na tatu za kupinga. Aya ya mwisho ilianza kwa "Kwa kutamatisha", na msimamo wake ukachungulia katika sentensi ya mwisho kabisa.

Wa Lavington, anayesoma mtaala wa Uingereza, aliniuliza kwanza: "Mwalimu, tuna ushahidi gani?" Nikamwambia atumie anayoyajua. Akaandika ukurasa mmoja: "Nakubali kwa kiasi fulani." Hoja zilikuwa tatu tu, lakini kila hoja ilifuatwa na mfano, na kila mfano ukafuatwa na sentensi inayoeleza kwa nini mfano huo unaithibitisha hoja. Kiswahili chake kilikuwa kikavu. Hakuna methali, hakuna nahau hata moja.

Binti wa Kilimani, wa shule ya Kifaransa, hakuandika insha kwa dakika 20 nzima. Nilimchungulia. Kwenye karatasi ya pembeni alikuwa ameandika neno "kuruhusiwa" na kulizungushia duara, na chini yake: "Anayeruhusu ni nani? Kitu cha kuombewa ruhusa kinaweza kuwa haki?" Alipoanza, aliandika sehemu tatu. Ya kwanza ilionyesha kwamba shule ina mamlaka ya kukataza. Ya pili ilionyesha kwamba kukataza kunamnyima mwanafunzi nafasi ya kujifunza kujitawala. Ya tatu ikasema kuwa swali halikuwa la simu hata kidogo, lilikuwa ni la lini mtoto anaanza kuaminiwa.

Wa Runda, mtaala wa Marekani, alimaliza wa kwanza. Aya tano. Aya ya kwanza iliishia hapa: "Naamini simu zisiruhusiwe kwa sababu tatu: zinavuruga usikivu, zinaleta wivu, na zinarahisisha wizi wa mitihani." Aya tatu zilizofuata zilichukua sababu hizo moja moja, kwa mpangilio uleule, na ya tano ikayarudia yote.

Nasema mapema kwamba hili si jambo la damu. Mwaka 1966 Mmarekani Robert Kaplan alichapisha michoro mitano iliyodaiwa kuonyesha jinsi watu wa lugha mbalimbali wanavyopanga mawazo katika maandishi: wa Kiingereza mstari ulionyooka, wa Mashariki ya Asia mzunguko unaokisogelea kiini polepole, na kadhalika. Alikuwa amesoma insha za wanafunzi wa kigeni walioandika kwa Kiingereza. Walimu wengi walimpinga, na nadhani walikuwa na haki, kwa sababu mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza huandika anavyomudu, na huwezi kumpima akili kwa hilo. Mwafrika hata hakuwamo katika michoro ile. Watoto wangu wanne wote wamezaliwa Nairobi na kila mmoja ana nyanya kijijini anayemtumia mahindi. Kilichowatofautisha ni dawati walilokalia.

Mtaala wa Kenya: hazina ya lugha, na dakika 52

Nianze na nyumbani, kwa sababu ndiko wengi wetu tuliko na ndiko tutakakobaki.

Anayeushangaa uandishi wa kijana wa Umoja autazame mtihani unaomsubiri. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni ya insha. Muda ni saa moja na dakika 45, insha ni mbili, kila moja isipungue maneno 400, kila moja alama 20. Ya kwanza ni ya lazima, aghalabu insha ya kiuamilifu kama barua, hotuba, ripoti au kumbukumbu. Ukigawa muda, kila insha inapata dakika 52 na ushee, pamoja na kusoma swali na kupitia makosa. Hapo mtoto hana muda wa kuwaza. Ana muda wa kukumbuka. Basi shule humpa vya kukumbuka.

Ndiyo maana nimesahihisha mamia ya insha ambamo mhusika anarauka alfajiri ya Mungu, anapiga mswaki meno yake meupe pepepe kama theluji, anatia guu mosi guu pili hadi shuleni, hata kama kisa chenyewe ni cha msiba. Na kuna insha moja sitaisahau. Baada ya mafuriko ya 2024, msichana mmoja wa mtaa wa Mukuru aliandika: "Maji yalifika kwenye godoro. Mama akampandisha mdogo wangu juu ya kabati, akamwambia asilale." Mwalimu wake, katika shule nisiyoitaja, alipigia mstari sentensi hizo na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Lugha haina mnato. Tumia tamathali." Aliporudia, maji yalikuwa "yakinguruma mithili ya simba mwenye njaa", na kabati halikuwapo tena. Mtoto alikuwa ameona, akaandika alichokiona, nasi tukamfundisha kutoona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini wanaosema mfumo wetu haufundishi kufikiri, nawaomba watazame insha ya methali kwa makini. Chukua "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mtahini hataki maana ya methali peke yake. Anataka kisa, na kisa kionyeshe pande zote mbili: mzazi aliyemchelea mwana, halafu mzazi huyohuyo akilia, na la pili liwe limezaliwa na la kwanza. Mtoto akisimulia malezi mabaya kisha mzazi akafa kwa ajali ya barabarani, kisa kimeanguka, kwa sababu ajali haikutokana na kuchelea. Hapo mtoto wa miaka 14 anafundishwa sababu na tokeo, na anafundishwa kupima kauli ya jumla kwa tukio mahususi. Sijaona zoezi la namna hiyo katika mitaala mingine mitatu. Kasoro ni kwamba hatumruhusu mtoto hatua inayofuata, ya kuuliza: je, methali hii ni kweli kila mara? Wahenga wenyewe waliacha mlango wazi. Walisema "Haraka haraka haina baraka", wakasema pia "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Mwalimu anayeziweka hizo mbili ubaoni na kuuliza "Sasa tufuate ipi, na lini?" anafundisha mantiki kwa gharama ya chaki.

Kisha kuna mtaala wa umilisi (CBC), unaochukua nafasi ya ule wa zamani. Ulianza kote nchini 2019, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na KCSE ya mwisho itakuwa 2027. Miongoni mwa umilisi wake saba umo wa kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Alama za kuingia sekondari ya juu hazitoki katika mtihani mmoja: asilimia 60 ni mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 ni kazi za shuleni na asilimia 20 ni za mtihani wa Gredi ya 6. Kwenye karatasi ni mageuzi makubwa, na nimeona darasa moja Embakasi ambapo watoto walihoji kwa nini soko lao halina choo, wakaandika barua kwa diwani, na wakaandika tena alipokaa kimya. Nimeona pia darasa la watoto zaidi ya 60 ambamo "mradi" ni kazi ya mama aliyekesha akikata manila, au ya kijana wa saiba (duka la kompyuta) aliyelipwa shilingi 50 kuichapisha. Mtaala ni uleule. Aliyetofautiana ni mwalimu, na idadi ya vichwa mbele yake.

Uingereza: kwa kiasi gani?

Mtaala huu si mgeni sana kwetu. Wazazi wa umri fulani walifanya A-level, mtihani wa kidato cha sita, hapahapa Kenya kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, kuiondoa. Leo umerudi kwa njia ya shule za kulipia, na ndio ulioenea zaidi kati ya mitaala ya kigeni Nairobi.

Kiini chake ni maneno ya swali. "Taja", "eleza", "linganisha", "tathmini", "kwa kiasi gani unakubali": kila neno lina kazi yake na alama zake, na mtoto huzoezwa kutofautisha. Katika historia hupewa vyanzo viwili vinavyopingana, tuseme barua ya ofisa na ripoti ya gazeti, akaulizwa ni kipi cha kuaminiwa na kwa nini. Katika aya hufundishwa kauli, ushahidi, ufafanuzi. Wanaofika ngazi ya AS, nusu ya kwanza ya A-level, wanaweza kuchagua karatasi ya jumla ya Kiingereza yenye insha ya maneno 600 hadi 700 juu ya jambo la dunia, iwe dawa, vyombo vya habari au mazingira.

Ninachokipenda ni hilo neno "kiasi". Kijana wa Lavington haoni haya kusema anakubali robo tatu. Wetu wengi huona kwamba lazima uunge au upinge, kama kwenye mdahalo wa Ijumaa ambapo upande unaoshangiliwa ndio unaoshinda.

Ninachokihofia ni mwongozo wa kusahihisha. Wanafunzi hupewa na kuukariri, na ile kauli, ushahidi, ufafanuzi hugeuka guu mosi guu pili ya aina nyingine. Na Kiswahili hupungua. Kipo katika orodha ya masomo ya IGCSE, mtihani unaotangulia A-level, lakini ni cha hiari, na shule nyingi hukipa vipindi viwili kwa wiki. Kijana wangu anaweza kuhoji chochote kwa Kiingereza. Kwa lugha ya nyanyake hawezi kubishana hata juu ya bei ya mkungu wa ndizi. Hilo ni pengo la kufikiri pia, tusilione la lugha tu.

Ufaransa: swali ndani ya swali

Huu ndio unaowashangaza wazazi wa Kenya kuliko yote. Shule yao ya Nairobi ni ya tangu zamani, ina jina la mwanafalsafa Denis Diderot, na watoto huanza chekechea kwa Kifaransa.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi wa mkondo wa jumla husoma falsafa saa nne kwa wiki, awe anaelekea udaktari au sheria. Mtihani ni wa saa nne, kwa kazi moja tu: insha moja ya kuchagua kati ya maswali mawili, au uchambuzi wa kifungu. Rudi kwenye zile dakika 52 zetu uone tofauti. Mwaka 2023 waliulizwa kama furaha ni jambo la akili. Mwaka 2024 swali lilikuwa: je, dola, yaani serikali, ina deni lolote kwetu? Mtihani huu wa kuhitimu, bakaloria, ulianzishwa enzi za Napoleon, 1808, na falsafa bado inaheshimiwa hivi kwamba maswali yake hutangazwa kwenye habari siku hiyohiyo.

Utangulizi wa insha yao si pahali pa kumkaribisha msomaji kwa methali. Mwanafunzi anatakiwa kuchambua maneno ya swali, aonyeshe kuwa yana mgongano ndani yake, atoe swali la pili lililojificha chini ya lile la kwanza. Ndicho binti wa Kilimani alichofanya kwa duara lake. Baada ya hapo huijenga kauli, huijengea upinzani wa kweli (si upinzani wa karatasi wa kubomolewa haraka), kisha hutafuta mahali ambapo zote mbili zinaweza kusimama au zote mbili zinaanguka. Neno "mimi" huepukwa. Tangu 2021 kuna pia mtihani mkuu wa kusimama mbele ya watahini na kutetea jambo kwa mdomo.

Mzazi ajiandae kwa alama. Hutolewa juu ya 20. Kumi ni kupita, 12 ni vizuri kiasi, 16 ni vizuri sana. Mama mmoja alinipigia akilia kwa sababu ya 11. Nilimweleza kwamba mwalimu yule alikuwa amemsifu mtoto.

Upungufu upo. Mtoto akichelewa kuingia, lugha humlemea na falsafa haimfikii kabisa. Na umbo la sehemu tatu linaweza kumfanya mtu ashuku kila kitu bila kuamua lolote. Mwishoni mwa zoezi letu niliwabadilishia insha. Kijana wa Umoja alisoma ya binti wa Kilimani mara mbili, akairudisha mezani taratibu. "Mwalimu, huyu amewaza sana. Lakini hajatuambia simu iwekwe wapi." Naye binti, kando ya "akili ni mali", aliandika kwa penseli: "Mali ya nani?" Nilizihifadhi karatasi zote mbili.

Marekani, na wengine kwa ufupi

Aya tano ni umbo jepesi kujifunza, na wasilidharau wale wanaolicheka. Mtoto aliyezoea kusema msimamo wake katika aya ya kwanza hatapata shida kuandika barua ya kuomba kazi wala ripoti ya ofisini, kwa kuwa anaamini ni wajibu wa mwandishi kueleweka. Viwango vya elimu vilivyokubaliwa na majimbo mengi ya Marekani tangu 2010 vinamtaka mtoto wa shule ya msingi atoe maoni na sababu, wa darasa la 6 ajenge dai na ushahidi, na wa darasa la 7 atambue dai la upande wa pili. Neno "mimi naona" halina haya. Kwa mtoto mwenye woga, ni tiba. Kwa mtoto mwenye majivuno, nina mashaka: sababu tatu hupatikana kwa kila jambo, hata baya, na umbo lile halimuulizi kama ya nne ingezibomoa zote.

Shule ya Kijerumani ipo pia. Wana zoezi moja ambalo nimelichukua na kulitumia Umoja, nalo huitwa la saa ya mchanga. Unaanza na hoja za mpinzani, yenye nguvu zaidi kwanza, ukishuka hadi iliyo dhaifu. Ukifika shingo ya chupa unageuka, unaanza na hoja yako dhaifu, unapanda mpaka iliyo kali. Msomaji anabaki na kali yako sikioni. Watoto hulielewa siku moja. Sehemu kubwa ya alama zao hutokana na kushiriki darasani kwa mdomo, hivyo mtoto mkimya huumia.

Diploma ya IB (International Baccalaureate), iliyoanzishwa Geneva 1968, si utamaduni wa nchi moja, nayo huhusu miaka miwili ya mwisho tu. Ina insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000 juu ya swali ambalo mwanafunzi amejitungia mwenyewe, na nyingine isiyozidi 1,600 juu ya jinsi tunavyojua tunachodai kujua. Kwa mwanafunzi anayejisukuma, sioni kinachoishinda. Kwa anayengoja kusukumwa, ni miaka miwili ya kulala saa nane usiku.

Na madrasa zetu za Eastleigh na South C tusiziweke kando kana kwamba ni kukariri tu. Kuhifadhi ni ngazi ya kwanza. Elimu ya Kiislamu ya jadi, kwa anayepanda, ina nahau (hapa maana yake sarufi), balagha (ufundi wa usemi) na mantiki, na neno hilo mantiki tulilipata huko, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusema. Watoto wa madrasa ninaowafundisha wana jambo moja ambalo wenzao hawana: ukiwaambia kitu, huuliza umekipokea kwa nani.

Basi umpeleke wapi?

Karo inaamua mengi, tusidanganyane. Shule za msingi za umma hazitozi karo tangu 2003, ingawa mzazi hulipia mengine. Za kigeni huanzia laki kadhaa kwa mwaka, na nyingine hupita milioni mbili. Usiuze shamba kwa ajili ya neno "kimataifa" langoni. Zipo shule za jina hilo ambazo walimu wake wanafundisha kwa imla, kama ilivyokuwa enzi za baba zetu, na tofauti ni rangi ya sare tu.

Kama fedha zinaruhusu uchague, tazama mtoto. Mwenye maneno mengi na mpangilio mchache atanufaika na Uingereza au Marekani, kwa kuwa zitamlazimisha aache hoja tano na kuishikilia moja. Anayeuliza "kwa nini" mpaka wageni wanachoka, na bado yuko chekechea, anaweza kuchanua kwa Wafaransa, ilimradi uko tayari kubaki huko mpaka mwisho. Kumtoa katikati ni kumwacha bila lugha mbili. Anayejua kusimulia, anayekurudishia mazungumzo ya matatu neno kwa neno, mwache katika mtaala wa Kenya angalau hadi Gredi ya 9, kwa sababu hakuna kwingine atakakokuzwa kipaji hicho katika Kiswahili. Na kama familia inahamahama kikazi, chukua Uingereza au IB.

Aliye shule ya umma usimhesabu amepungukiwa. Kinachokosekana huko ni kujibiwa, na kujibiwa kunapatikana nyumbani. Utamaduni wetu una mafunzo ya hoja ya tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walikuwa wakirushiana mashairi kuhusu vita na siasa za miji yao. Anayejibu kwa desturi hiyo hufuata bahari (umbo la shairi) ya mwenzake, tena hulazimika kuyaelewa maneno ya mpinzani barabara kabla ya kuyageuza. Mpaka leo malenga hujibizana katika Taifa Leo. Katia mtoto shairi moja gazetini, mwambie alijibu kwa beti mbili, kwa vina vilevile, akipinga. Kijana wa Umoja alianza hivyo, na muhula uliopita insha yake ya mjadala ilikuwa na hoja tatu badala ya nane. Alipata 15 kati ya 20, pungufu kwa moja kuliko alivyozoea. Mimi ningempa 18.

Ukienda kuitembelea shule, usitosheke na maabara na bwawa la kuogelea. Omba kuona madaftari matatu ya insha: la mtoto bora, la wa kati, na la anayesumbuka. Soma pembeni, kwenye wino wa mwalimu. Je, kuna tahajia na sarufi tu? Je, kuna mahali mwalimu amemjibu mtoto kama mtu anayejibu mtu? Muulize mwalimu, kwa adabu, ni lini mara ya mwisho mwanafunzi alimpinga na akawa sahihi. Atakayekumbuka jina la mtoto na siku, huyo mkabidhi mwanao. Atakayecheka tu, endelea kutafuta.

Mama Neema wa Donholm alikuwa ameshalipia fomu ya shule ya kimataifa huko Kitengela. Nilimwomba aende kwanza na swali hilo la madaftari, kule na pia katika shule ya kawaida iliyo mtaa wa pili kutoka kwake. Alinipigia Jumatano jioni, sauti ya kondakta ikisikika nyuma yake.

"Mwalimu, kule madaftari walinionyesha mawili, yote yana alama ya vema kila ukurasa. Huku kwetu kuna mwalimu mmoja wa Kiswahili, Gredi ya 7. Ameandika 'Umejuaje?' mara nne kwenye ukurasa mmoja. Na mtoto amemjibu zote nne, chini, kwa penseli."

Neema anaanza huko muhula ujao.